Nyonga haiko pale unapojishika kiuno

Mwambie mtu akuonyeshe nyonga yake. Mara nyingi ataweka mkono kiunoni, juu ya ule ukingo wa mfupa unaozuia mkanda usiteremke. Ukingo huo ni sehemu ya mfupa wa nyonga, hilo ni kweli, lakini kiungo chenyewe kiko chini zaidi na mbele zaidi, ndani ya kinena. Kosa hilo dogo la kuonyesha huzaa mengine: mgonjwa anachua kiuno miezi mingi bila nafuu, na majeruhi wa bodaboda anafungwa shuka mahali pasipomsaidia.

"Nyonga ni mfupa mmoja." Inategemea umri. Mtoto ana mifupa mitatu kila upande: iliamu juu, iskiamu chini kwa nyuma (ndiyo tunayoikalia) na pubisi mbele. Yote mitatu hukutana kwenye kikombe kinachopokea kichwa cha fupa la paja, ikitenganishwa na gegedu lenye umbo la herufi Y. Wakati wa kubalehe gegedu hilo hugeuka mfupa, wasichana wakiwatangulia wavulana. Ndiyo maana eksirei ya mtoto wa miaka minane huonyesha mistari myeusi kwenye kikombe, na asiyezoea picha za watoto anaweza kudhani mfupa umevunjika. Na kwa wanaouliza: wanawake hawana mfupa wa ziada. Kinachotofautiana ni umbo na upana.

"Kiuno kikiuma, nyonga imeharibika." Kiungo cha nyonga kikiwa na hitilafu, maumivu huja kinenani, na mara nyingine hushuka hadi gotini. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti lisilovimba apimwe nyonga pia. Akiwa na selimundu, zaidi sana, kwa sababu kichwa cha fupa la paja kinaweza kukosa damu na kufa taratibu. Anayeumia ubavuni mwa paja hasa akilalia upande huo, shida mara nyingi iko kwenye kano zilizo juu ya nundu ya fupa la paja. Maumivu ya juu ya tako, karibu na uti wa mgongo, yanatokana zaidi na mgongo wenyewe.

"Bibi kaanguka, kavunjika nyonga." Mara nyingi kilichovunjika ni shingo ya fupa la paja. Mguu huonekana mfupi na unyayo umegeukia nje. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupanda kupitia shingo hiyo hiyo. Ikikatika, kichwa hufa. Hapo mwunga mifupa afunge banzi awezavyo, damu haitarudi. Huyu anahitaji upasuaji, na mapema.

Usimchanganye na aliyeteguka. Abiria wa kiti cha mbele ambaye goti lake limegonga dashibodi kwenye barabara ya Singida au Morogoro atakuwa na mguu mfupi vilevile, ila goti limekunjika na kuelekea ndani. Kichwa cha paja kimetoka nyuma ya kikombe, karibu kabisa na neva kubwa ya mguu. Kinapaswa kurudishwa ndani ya saa sita, baada ya eksirei, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Kumvuta mguu pale barabarani kunaweza kuivunja shingo ambayo ilikuwa nzima. Ajali ikitokea Kondoa au Mpwapwa, safari ya kufika mjini Dodoma peke yake ni saa mbili au zaidi, kwa hiyo muda wa kujaribu kwanza kienyeji haupo.

Duara la mifupa ya nyonga likivunjika ni hatari ya aina nyingine. Lita mbili za damu au zaidi zinaweza kumwagikia ndani bila tone kuonekana nje. Usimbonyeze nyonga wala kuzitikisa ili kupima kama zimevunjika. Toa simu na funguo mfukoni mwake. Kunja kanga au shuka kwa urefu mpaka ipate upana wa sentimita 20 hivi, ipitishe kwenye uwazi wa chini ya magoti, kisha ipandishe polepole hadi kwenye nundu za mapaja, zile zinazocheza chini ya kiganja chako ukisimama na kuzungusha mguu. Kaza, funga mbele, halafu funga magoti yote mawili pamoja. Wengi hufunga juu, kwenye ukingo wa kiuno. Ukibana pale, sehemu ya chini ya duara inaweza kuachana zaidi.

"Ana nyonga nyembamba, hatajifungua kawaida." Upana wa nje haukuambii njia ya ndani ikoje. Mlango wa juu wa njia hiyo kwa kawaida una sentimita 11 hivi kutoka mbele kwenda nyuma na 13 hivi kwa upana, na mapaja manene hayaongezi hata moja. Kliniki hupima kimo, na mama wa chini ya sentimita 150 hufuatiliwa kwa karibu zaidi, lakini kipimo halisi ni uchungu wenyewe unavyoendelea. Halafu kuna wanaosema nyonga "hufunguka sentimita kumi". Kinachofunguka sentimita kumi ni mlango wa kizazi. Kiungo cha mbele cha nyonga huongezeka milimita chache tu wakati wa ujauzito.

Mwisho ni lile la kwamba mtoto wa kubebwa mgongoni hupata matege. Akina mama wa Bahi na Chamwino wakimfunga mtoto mgongoni, mapaja yake hutanuka, magoti hukunjika, na kichwa cha fupa la paja hukaa katikati ya kikombe kinapokua. Huo ndio mkao unaofaa. Matege ya ugonjwa mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini D au madini ya kalsiamu. Cha kuepuka ni kumviringishia mtoto mchanga nguo huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja, hasa wa kike aliyetanguliza makalio tumboni, ambaye nyonga zake zinapaswa kukaguliwa tangu siku za kwanza.