Uhifadhi wa kihistoria wa ngazi ya mji ni nini?

Huko Marekani, mwenye nyumba kongwe akisikia nyumba yake "imeorodheshwa" huweza kudhani kwamba haruhusiwi tena kugusa hata kitasa. Hofu hiyo mara nyingi hutokana na kuchanganya mambo mawili: orodha ya taifa, na ulinzi unaowekwa na mji wenyewe.

Orodha ya taifa, yaani Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1966. Kwa sehemu kubwa ni heshima tu. Mwenye jengo lililomo humo, ikiwa hatumii fedha wala kibali cha serikali kuu, anaweza kulibomoa na sheria hiyo isimzuie. Wanaoshangaa zaidi wakiambiwa hivyo ni majirani waliokuwa wakiamini jengo wanalolipenda liko salama.

Nguvu ya kuzuia imo kwenye sheria ndogo za mji, na huo ndio uhifadhi wa ngazi ya mji. Halmashauri hutenga mtaa mzima au jengo moja moja, kisha huunda tume. Tangu hapo, anayetaka kubadili sura ya nje, kuongeza chumba au kubomoa sharti apate kibali kabla fundi hajaanza kazi. Charleston, South Carolina, ulikuwa wa kwanza nchini humo kutenga eneo la namna hii, mwaka 1931. New York ulipitisha sheria yake mwaka 1965, kituo cha treni cha Pennsylvania kilipokuwa kimeshaanza kubomolewa licha ya kelele za watu. Baadaye wenye kituo kingine cha treni mjini humo, Grand Central, walinyimwa ruhusa ya kujenga mnara wa ofisi juu yake, wakashtaki kwamba wamepokonywa mali bila fidia. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliupa mji ushindi.

Kwa kawaida tume huangalia kinachoonekana kutoka barabarani. Jiko na bafu lako haviihusu. Rangi hutegemea mji. Ukarabati wa kurudishia kitu kilekile, kwa mfano ubao uliooza kwa ubao wa aina hiyohiyo, mara nyingi haufiki hata kwenye kikao.

Kinachowaudhi wengi ni tume kung'ang'ania vitu vinavyoonekana vidogo, kama mchanganyiko unaoshika matofali. Lakini hapo tume ina hoja. Matofali mengi ya zamani ni laini, na yalijengewa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali na huacha unyevu utoke. Ukiziba nyufa kwa saruji ngumu, maji hukosa njia hiyo na kutokea kwenye tofali lenyewe. Chumvi na barafu humalizia kazi, uso wa tofali ukaanza kubanduka. Ukuta uliosimama miaka mia huharibiwa na ukarabati uliokusudiwa kuuimarisha. Mwenye nyumba akielezwa hivi mapema, barua za kumtisha hupungua. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hupata somo hili siku wanapoletewa amri ya kusimamisha ujenzi.

Fedha nazo zina mitego yake. Serikali kuu hutoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati ulioidhinishwa, ila kwa majengo ya kihistoria yanayoingiza kipato tu: ya kupangisha, maduka, ofisi. Nyumba unayoishi mwenyewe haimo, ingawa baadhi ya majimbo yana mpango wao kwa wenye nyumba.

Na kukaa kimya si njia ya kukwepa. Miji mingi inamtaka mwenye jengo alitunze kiasi cha kutosha, maana wapo wanaoacha paa livuje kwa makusudi mpaka jengo lifae kubomolewa tu. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza ofisi ya mipango miji kama nyumba iko ndani ya eneo lililotengwa na mji. Jibu la "iko kwenye Rejista" si jibu la swali hilo.