Pilo ya CPAP si pilo za pua

Juzi mjini Kisumu nilisimama katika duka la vifaa vya wagonjwa, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akimtafutia mumewe nafuu. Mumewe hulala na mashine ya CPAP, ile ya kumsukumia hewa aliyelala, na barakoa yake imemchubua mgongo wa pua hadi ngozi imekuwa nyekundu. Muuzaji akamjibu kwa uhakika: "Mnunulie pilo ya CPAP, mama, hatahitaji tena kufunikwa uso." Kisha akamshushia kutoka rafuni mto mkubwa mweupe uliokatwa pembeni. Mama akalipa, akaukumbatia, akatoka. Nilichelewa kufungua mdomo, na bado najuta. Alichokisema muuzaji ni kweli kuhusu kitu kimoja, alichokiuza ni kitu kingine kabisa, na vyote viwili vinaitwa pilo.

Maana yenyewe ni fupi. Pilo ya CPAP ni mto wa kulalia uliokatwa au kuchongwa pembeni, ili barakoa na mpira unaoleta hewa kutoka kwenye mashine vipate nafasi mtu akilala ubavu. Pilo za pua ni vijidude viwili vya silikoni vinavyokaa kwenye matundu ya pua na kuingiza hewa humo, badala ya barakoa inayofunika pua nzima au pua na mdomo. Ya kwanza unailalia, za pili unazivaa.

Na CPAP, kwa asiyeijua, ni mashine ndogo ya kando ya kitanda inayosukuma hewa ya kawaida ya chumbani kwa nguvu kidogo, ili koo la aliyelala lisijifunge. Si mashine ya oksijeni, ingawa majirani wakiona mpira na barakoa huanza kuulizana mgonjwa amebakisha siku ngapi. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hufanya kazi kati ya 4 na 20. Ugonjwa wenyewe ni apnea ya usingizi, neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa pumzi: koo hujifunga, hewa hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mtu hushtuka, hulala, hukatika tena. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alimjaribishia mgonjwa wa kwanza njia hii mwaka 1980, na taarifa yake ikachapishwa mwaka uliofuata.

Sasa turudi kwenye neno, maana hapo ndipo watu wanapotezea pesa.

Huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, ukiingia dukani ukaomba mto, watakuelewa, lakini wengi wetu husema pilo. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba mto kwetu ni maji kwanza. Mtoto wa Ahero akisikia mto, anaona Nyando imefurika. Wa Mumias anaona Nzoia. Kamusi huyaandika hayo kama maneno mawili yaliyokutana katika sauti moja, mto wa maji na mto wa kichwa, na wingi wa yote mawili ni mito. Kwa hiyo tukachukua pilo ya Kiingereza ili tusichanganye kitanda na mafuriko. Hakuna ubaya, lugha yetu imekopa vitu vya kitandani tangu zamani. Ile foronya unayovulia mto na kuifua ni fronha ya Wareno. Walifika pwani yetu mwaka 1498, wakapokonywa Fort Jesus mwaka 1698, wakaondoka na bendera yao, foronya ikabaki. Takia, ule mto mkubwa wa kuegemea barazani, ulitujia kutoka upande wa Waarabu na Waajemi, na maana ya kuegemea imo ndani yake. Hata pilo Waingereza hawakuizaa wenyewe. Ni pulvinus ya Kilatini iliyosafiri na kuchakaa njiani.

Tatizo ni kwamba tulipokopa pilo tulikopa na tabia zake. Kwa Kiingereza, kitu chochote laini kinachopokea uzito wa kitu kingine kinaweza kuitwa pilo, na nadhani waliotengeneza vile vijidude vya silikoni waliona vinaikalisha pua kwa ulaini, wakaviita hivyo. Kiswahili hakina desturi hiyo. Mto kwetu ni wa kulalia au kuegemea. Hakuna Mswahili angeangalia kitu cha ukubwa wa ncha ya kidole, chenye tundu katikati, akakiita mto.

Haya nayajua kwa sababu yametufika nyumbani. Mama yangu anaishi Nakuru, na alipoanza mashine hiyo shida yake ilikuwa moja: akilala ubavu wa kulia, ambao ndio ubavu wake tangu ujana, mto unaisukuma barakoa kando, upepo unavuja na kumpuliza jichoni. Asubuhi jicho limekauka, jekundu. Shemeji yetu aliyeko Uingereza akasema atamletea pilo ya CPAP. Tukasubiri miezi miwili. Alipofika alitoa mfukoni kiboksi kisichozidi kiganja. Ndani mlikuwa na jozi tatu za silikoni, ndogo, ya kati na kubwa. Mama akachukua moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaibonyeza kwa kidole gumba. "Shemeji, hizi ni chuchu za chupa ya mtoto. Kichwa nitaweka wapi?"

Na hata kama angetaka kuzivaa, hazikuwa na fremu ya kuzishika wala mikanda ya barakoa yake haikuzikubali. Tena mama hupumua kwa mdomo akiwa usingizini, na mtu wa namna hiyo akivaa za puani peke yake, hewa huingia puani na kutokea mdomoni. Hilo la kubadilisha aina ya barakoa ni la kuzungumza na waliompima, si la kuagiza kwa simu. Mto, kwa upande mwingine, unaweza kuuchagua mwenyewe.

Sisi hatimaye tulitumia mto wa sponji wa kawaida na fundi wa makochi. Nilimpelekea barakoa yenyewe, kwa sababu kueleza kwa mikono hakukutosha. Mama akalalia mto pale pale kwenye benchi la karakana, barakoa usoni, fundi akachora kwa kalamu ya rangi mahali shavu linapoishia na plastiki inapoanzia. Akakata kwa kisu kirefu umbo la nusu bakuli, kina cha vidole vitatu. Tukafurahi, tukaenda nyumbani, tukavisha mto foronya, upepo ukavuja vilevile. Ilinichukua siku mbili kuona kosa. Foronya ilikuwa imevutwa kama ngozi ya ngoma juu ya lile bonde, kwa hiyo barakoa ilikuwa inagonga kitambaa kilichokazwa, na nafasi iliyo chini yake haikuwa na faida yoyote. Fundi akashona foronya nyingine inayofuata mkato. Usiku ule jicho la mama lilipumzika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mto wa CPAP ni upi hasa, simtajii duka. Namwambia ni mto wowote unaoacha barakoa hewani huku shavu na fuvu vimeshikwa. Mkato ni njia moja tu. Wapo wanaosogea tu hadi ukingoni mwa mto wa kawaida, barakoa ikabaki nje ya ukingo, wakalala salama.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi, nalo lina uzito kuliko mkato: kimo. Anayelala ubavu anahitaji mto unaojaza pengo kati ya shingo na ncha ya bega, ili pua iwe sawa na kifua. Ukiwa mfupi kichwa kinaning'inia, ukiwa mrefu shingo inapinda upande wa pili, na barakoa inavutwa pembeni. Mpime mtu akiwa ameulalia, si mto ukiwa umesimama rafuni. Mto wa sufi au faiba unaweza kuonekana mlima saa tatu usiku na kuwa chapati alfajiri, wakati sponji nzito hubaki palepale ulipoiacha. Kwa anayelala chali kimo kinakuwa jambo la tiba kabisa. Mto mnene humsukuma kidevu kuelekea kifuani, na koo linalokunjwa hivyo ndilo lile lile mashine inahangaika kulifungua. Huyo apewe mto mwembamba. Na barakoa ikivuja, mkono usikimbilie kukaza mikanda. Kukaza kupita kiasi huharibu namna silikoni inavyoukaa uso, na ndiko kunakochubua mgongo wa pua kama wa yule mume wa Kisumu.

Foronya laini ya satini inasaidia, kwa kuwa barakoa huteleza juu yake badala ya kuburuzwa mtu anapogeuka. Ifuliwe mara kwa mara. Mafuta ya uso na ya nywele yakibaki kwenye kitambaa hurudi kwenye silikoni, na silikoni yenye mafuta haishiki ngozi. Mpira wa hewa nao upitishwe juu ya kichwa, usilaliwe. Kisumu, ambako neti haikwepeki, sisi huufunga kwa utepe mlegevu kwenye ubao wa kitanda kisha neti ikashushwa juu yake. Nakuru shida ni baridi, hewa yenye unyevu ikipoa ndani ya mpira huwa matone yanayomwagikia puani usiku wa manane, na dawa rahisi ni kuupitisha mpira chini ya blanketi.

Wazo la kichwa kukingwa ili kitu kingine kisiguswe si geni katika nchi hii. Waturkana wana ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume hukikalia mchana na kukiwekea kichwa usiku, ili nywele zilizosukwa na kupakwa udongo zisiharibike kwa kugusa chini. Kinashika kichwa, kinaacha nywele. Mto wa CPAP unashika kichwa, unaacha barakoa. Ukiwa na picha hiyo akilini, huwezi tena kuuchanganya na kitu cha kuvaa puani.

Majina basi. Cha kulalia ningependa tukiite mto, kwa sababu mbele ya neno CPAP hakuna atakayedhani unazungumzia Nyando. Vya puani tuviite chuchu za pua, kwa kufuata neno la mama alipoviona mara ya kwanza, kwa kuwa neno hilo kila mzazi analijua tayari kwenye chupa ya mtoto na linaeleza umbo, ulaini na tundu kwa pamoja. Lakini kama ulimi umezoea pilo, siwezi kuukataza. Namwomba tu yule ndugu wa dukani, mteja akisema "nataka pilo ya CPAP", kabla hajanyoosha mkono rafuni amuulize: "Ya kulalia, au za kuvaa?"