Kwa nini besiboli hukaa ndani ya ukoo mmoja, vizazi kwa vizazi?

Julai 2025, mjini Atlanta, Cal Raleigh wa Seattle Mariners alishinda shindano la kupiga mipira nje ya uwanja, lile linalofanyika kila mwaka siku moja kabla ya mechi ya nyota wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani. Aliyekuwa akimrushia mipira ni baba yake, Todd, aliyewahi kufundisha timu za vyuo vikuu. Aliyechuchumaa nyuma ya Cal na glavu ya mdakaji ni mdogo wake wa miaka 15. Familia nzima kazini. Wala hawakuwa wa kwanza: Robinson Canó alishinda mwaka 2011 akirushiwa na baba yake José, na Bryce Harper mwaka 2018 akirushiwa na baba yake Ron.

Mwanasoka akitwaa tuzo, baba yake huwa jukwaani akifuta machozi. Besiboli humwita baba ashuke uwanjani.

Ukoo wa Boone ndio unaotajwa zaidi. Ray Boone aliingia Ligi Kuu mwaka 1948 na timu ya Cleveland. Mwanawe Bob alikuwa mdakaji kuanzia 1972 hadi 1990. Agosti 1992 mjukuu, Bret, alipocheza mechi yake ya kwanza na Seattle, ligi ikapata mchezaji wa kizazi cha tatu kwa mara ya kwanza. Mdogo wake Aaron akafuata mwaka 1997. Wote wanne waliwahi kuchaguliwa kwenye timu ya nyota. Bob akawa kocha mkuu wa Kansas City, kisha wa Cincinnati, ambako alimkuta Aaron na kumfundisha. Leo Aaron mwenyewe ni kocha mkuu wa New York Yankees, kazi aliyoianza msimu wa 2018. Tena kuna kichekesho humo. Babu Ray, baada ya kustaafu, aliwatafutia Boston Red Sox vipaji kwa miaka mingi. Oktoba 2003, katika mechi ya saba ya kuwania ubingwa wa American League, moja ya sehemu mbili za Ligi Kuu, ni mjukuu wake Aaron, akiwa na jezi ya Yankees, aliyeupiga mpira uliowarudisha Red Sox nyumbani.

Sasa, ni damu? Wengi hujibu hivyo haraka: mtoto wa nyoka ni nyoka. Damu inachangia, sikatai. Kimo, mkono wenye nguvu na macho makali hurithiwa. Lakini tazama kazi yenyewe. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4, na karibu nusu ya muda huo huishia kwenye kuamua tu: nipige au niache? Hakuna jicho linaloweza kuufuata mpira mpaka mwisho na bado mkono ukawahi. Mpigaji hubashiri. Anasoma bega, kiwiko na kifundo cha mkono wa mrushaji kabla mpira haujaachiwa.

Mwaka 2004 mwanamke mmoja aliliweka jambo hili wazi kabisa. Jennie Finch, mrushaji wa softiboli, mchezo ulio ndugu wa besiboli, alimrushia Albert Pujols, mmoja wa wapigaji hatari kuliko wote wa zama zake, na Pujols hakuugusa mpira. Muda wa mpira kufika ulikuwa karibu uleule aliouzoea. Ila Finch alirusha kwa kuuzungusha mkono na kuuachia mpira usawa wa nyonga, na ubongo wa Pujols haukuwa na kumbukumbu ya mkono wa namna hiyo. Kilichomwangusha hakikuwa misuli. Ni maelfu ya mirusho ya aina hiyo ambayo hakuwahi kuiona.

Basi nani huona maelfu ya mirusho tangu akiwa mdogo? Hapo ndipo ratiba inapoingia, na kwangu hili lina uzito kuliko damu. Msimu wa Ligi Kuu una mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku kwa miezi sita, na unameza likizo yote ndefu ya shule za Marekani. Mtoto anayemtaka baba yake hana budi kumfuata uwanjani. Huko anaokota mipira, anakaa vyumba vya wachezaji, anasikia watu wazima wakibishana kuhusu mrushaji wa kesho. Ken Griffey Jr., mtoto wa mchezaji wa Ligi Kuu, alikulia humo. Tarehe 31 Agosti 1990, akiwa na miaka 20, alicheza timu moja na baba yake wa miaka 40. Wiki mbili baadaye wakaipiga mipira nje ya uwanja mmoja baada ya mwingine.

Ukocha nao hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mchezo husimama baada ya kila mrusho, kwa hiyo benchini kuna nafasi ya kueleza. Na mzee wa miaka 60 bado anaweza kurusha mipira ya mazoezi. Cal Ripken Sr. hakuwahi kucheza Ligi Kuu hata mechi moja, lakini mwaka 1987 aliifundisha Baltimore Orioles akiwa na wanawe wawili kikosini, Cal Jr. na Billy. Tom Holliday alikuwa kocha wa chuo kikuu cha Oklahoma State. Mwanawe Josh akaja kushika kiti hicho hicho, na mjukuu, Jackson, akachaguliwa wa kwanza kati ya vijana wote mwaka 2022, katika zoezi la kila mwaka ambamo timu za Ligi Kuu huchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi.

Jina nalo hufungua milango. Mike Piazza alichaguliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, kwa hisani tu, kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha wa Los Angeles Dodgers, timu iliyomchagua. Akaishia kwenye jumba la magwiji. Lakini mlango ukifunguka, mrushaji hakuulizi wewe ni mtoto wa nani. Pete Rose aligonga mipira salama, yaani iliyomfikisha kituoni bila kutolewa, mara 4,256, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwanawe, Pete Jr., alihangaika ligi za chini miaka mingi, akapata mechi 11 za Ligi Kuu mwaka 1997 na kugonga mara 2 tu. Baadaye akarudi ligi za chini, safari hii akiwa kocha.