Ndoto za kutisha baada ya kuanza dawa ya kuzuia kipandauso

Mtu aliyeanza kumeza propranololi kila siku ili kipandauso kisimrudie anaweza kuona kichwa kimetulia, lakini usiku ukawa mgumu: ndoto nzito, kuweweseka, kushtuka saa tisa moyo ukimwenda mbio. Hajarogwa, wala akili haijaanza kuharibika. Ni dawa.

Propranololi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya hadi kwenye ubongo bila shida. Dawa za kundi lake pia hupunguza melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala giza linapoingia. Usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, na anayeamka katikati ya ndoto ndiye anayeikumbuka. Atenololi, dawa ya kundi hilo hilo, huingia kwenye ubongo kwa kiasi kidogo kuliko propranololi, ndiyo maana daktari huweza kukubadilishia.

Tafadhali usiiache ghafla. Mapigo ya moyo na presha vinaweza kupanda kwa kasi, na mwenye ugonjwa wa moyo akapata hata shambulio la moyo. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Kwanza angalia saa unayomeza. Tuseme umeandikiwa miligramu 40 mara mbili kwa siku, na kidonge cha pili unakimeza saa nne usiku ukipanda kitandani. Kidonge cha kawaida hufikia kiwango cha juu katika damu baada ya saa 1 hadi 4, yaani wakati umeshalala. Muulize daktari au mfamasia kama unaweza kukisogeza hadi saa kumi na mbili jioni. Kapsuli zinazotoa dawa polepole mara nyingi zinaweza kumezwa asubuhi. Usizifungue wala kuzitafuna.

Amitriptilini, dawa nyingine ya kuzuia kipandauso, ni kinyume, yenyewe huleta usingizi. Huanzwa kwa miligramu 10 au 25 usiku, na ukiimeza saa sita utaamka mzito kama hukulala. Saa mbili usiku hufaa zaidi. Nayo ikikatwa ghafla huvuruga ndoto.

Kwa wiki mbili andika saa ya kumeza, saa ya kulala, umeamka mara ngapi na siku kichwa kilipouma, kwa sababu kukosa usingizi nako huamsha kipandauso. Nenda na daftari hilo kliniki, pamoja na pakiti za dawa zote unazotumia.

Ukiona vitu visivyokuwepo ukiwa macho, ukiandamwa na mawazo ya kujidhuru au kifua kikibana, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye pumu asitumie propranololi kabisa.