Vyuma Vikikaza: Dhana Potofu Kuhusu Kubana Matumizi na Bustani ya Nyumbani

Kila vyuma vikikaza, ushauri humiminika: panda mchicha, acha nyama, zima taa, nunua kwa jumla. Una ukweli ndani yake, ila ukibebwa mzimamzima unaweza kukutoa fedha ileile uliyotaka kuiokoa. Mimi nalima kwenye viroba nyuma ya nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, na kila shilingi inayotoka kwa ajili ya jiko naiandika kwenye daftari la shule. Daftari hilo limenionyesha kuwa fedha ya nyumba haimalizwi na manunuzi makubwa. Inavuja kidogokidogo: kwenye moto, kwenye vipimo vidogo, kwenye chakula kinachooza. Dhana ninazozieleza hapa ni zile ambazo natamani mtu angenisahihisha mapema.

"Mfumuko wa bei umepungua, kwa hiyo bei zitashuka"

Naanza na hii kwa sababu wapo watu wanaoisubiri. Wanakopa dukani mwezi huu wakiamini mwezi ujao unga utarudi ulikokuwa.

Mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda, si bei yenyewe. Hapa Tanzania ulikaribia asilimia 5 mwishoni mwa 2022, kisha ukawa karibu asilimia 3 mwaka 2024. Chukua bidhaa ya shilingi 2,000. Ikipanda kwa asilimia 5 inafika 2,100. Mwaka unaofuata ikipanda kwa asilimia 3 inafika 2,163. Kasi imepungua, lakini mnunuzi bado anaongeza fedha. Tena namba hiyo hukokotolewa kwa kapu zima la bidhaa na huduma: chakula, kodi ya nyumba, nauli, simu, mavazi. Nyumba ambayo kipato chake karibu chote kinaishia kwenye chakula na mkaa, vitu hivyo viwili vikipanda, huumia kuliko namba ya taifa inavyoonyesha.

Na mara nyingi chanzo kiko mbali sana na sokoni kwetu. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilikuwa imeshabana mafuta ya alizeti duniani, ndipo Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese, ikasimamisha kuyauza nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi Mei ilipokuwa inaelekea ukingoni. Anayenunua mafuta ya kupima Mbagala alilipia uamuzi uliofanyika Jakarta. Kwa hiyo panga bajeti kwa bei ya leo. Ikishuka, ni heri.

"Ukiwa na bustani, familia inakula bure"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapovunjika moyo.

Bustani ya uani haitoi unga, mchele, mafuta wala sukari, na hivyo ndivyo vinavyokula sehemu kubwa ya fedha. Inachotoa ni mboga ya majani, pilipili, mchaichai, bamia, labda nyanya ukibahatika na wadudu. Tuseme nyumba yako inanunua mboga ya shilingi 1,000 kila siku, yaani 30,000 kwa mwezi. Viroba vinne au vitano vilivyotunzwa vizuri vikakupa mboga siku tatu kwa wiki, hapo umebakiza kama 13,000. Sasa toa maji. Kama unanunua dumu la lita 20 kwa shilingi 100 na unamwagilia madumu mawili kwa siku, maji pekee yamekula 6,000. Umebaki na 7,000.

Shilingi 7,000 kwa mwezi si haba, lakini ni tofauti sana na "kula bure", na anayeanza akitegemea bure huacha mwezi wa pili. Faida inaongezeka ukipunguza maji ya kununua. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa moja kwa moja. Maji yenye sabuni ya unga au dawa ya madoa usiyapeleke, hasa kwenye mboga za majani, kwa sababu chumvichumvi zake hujikusanya kwenye kiroba kidogo na mmea unadumaa. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, kisha funika udongo kwa majani makavu. Udongo wetu wa kichanga hapa pwani hupitisha maji kama chujio, kwa hiyo samadi iliyooza si ya kurutubisha tu, ndiyo inayoshika unyevu.

Kuhusu kiroba chenyewe, watu wengi hujaza udongo tu, halafu wanashangaa juu kumelowa na chini kumekauka. Chukua kopo kubwa ulilolitoa kitako, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute juu, lijaze tena kokoto, uendelee hivyo mpaka juu. Utakuwa na nguzo ya mawe katikati inayopeleka maji hadi chini. Kisha toboa matundu ubavuni na upande miche humo pia, ili mfuko mmoja ubebe mboga juu na pembeni. Aliyepanga hana sababu ya kuogopa: mkataba ukiisha, kiroba kinahama na mwenyewe. Ila jua litakichakaza, basi usishangae kikianza kuchanika baada ya mwaka hivi.

Kitu cha mwisho kwenye hili ni namna ya kuvuna. Mchicha huwa tayari kati ya wiki ya tatu na ya nne. Ukiung'oa, umekula mara moja. Ukiukata na kuacha kisiki chenye vifundo kadhaa, utachipua na utavuna tena mara mbili au tatu. Kwa mwenye viroba vitano, tofauti hiyo ndiyo bustani yenyewe.

"Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu"

Miche yangu ya kwanza ya chainizi niliizika kwa imani hii. Nilipewa samadi ya kuku ikiwa bado inanuka, nikaichanganya na udongo siku hiyohiyo. Baada ya siku nne majani yalikuwa yamekauka pembeni kana kwamba yamepitishwa motoni, na baada ya wiki hakikubaki kitu.

Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na ikiwa mbichi hutoa amonia na joto vinavyounguza mizizi. Pia ina vimelea wa kuharisha, ambao hubaki kwenye jani linalogusa udongo. Iache ioze miezi miwili au mitatu, ukiigeuza na kuilowesha, mpaka isinuke na isiwe na joto mkononi. Maganda ya ndizi, viazi na mayai, majani ya chai na mabaki ya mboga yanaingia humohumo.

"Kilichoota nyumbani hakina sumu"

Inategemea kimeota wapi. Utafiti uliofanywa kwenye bonde la mto Msimbazi hapa Dar es Salaam umekuta metali nzito, ikiwemo risasi, kwenye udongo na kwenye mboga zinazolimwa humo. Hali ya namna hiyo inaweza kuwa uani kwako pia, kama eneo lilikuwa gereji, kama betri za gari zilivunjwa hapo, au kama rangi ya zamani inabanduka ukutani na kuangukia tuta. Kuosha jani huondoa vumbi, lakini hakutoi kilichokwisha kuingia ndani ya mmea kupitia mizizi. Mahali pa namna hiyo, tumia kiroba chenye udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Halafu kuna kisamvu. Ni mboga nzuri na mhogo hauhitaji huduma kubwa, lakini majani yake yana viini vinavyozalisha sianidi. Bibi zetu waliotwanga kwenye kinu na kuchemsha muda mrefu bila kufunika walikuwa wanaiondoa sumu hiyo. Anayekata kisamvu kwa kisu kama mchicha na kukikaanga dakika tano ili aokoe mkaa anajiweka hatarini.

"Kununua gunia zima ni nafuu siku zote"

Kwa hesabu ya kilo, ndiyo. Anayenunua mafuta ya kupima na unga wa robo kila jioni hulipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye uwezo wa kununua mara moja, na hili ni jambo linaloniuma, kwa sababu mwenye kidogo ndiye anayetozwa zaidi. Majirani watatu wakichanga kununua gunia moja na kugawana, wamelikwepa. Utaratibu wa upatu tunao tayari, na fedha ya mzunguko mmoja inaweza kwenda kwenye nafaka badala ya vyombo.

Tatizo ni baada ya gunia kufika nyumbani. Mahindi yasiyokauka vizuri hupata ukungu, na ukungu huo huweza kuzalisha sumukuvu, ambayo moto wa kusongea ugali hauiondoi. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliokufa walikula mahindi ya kawaida, chakula cha kila siku.

Kwa hiyo kabla ya kulipia gunia, yapime. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kiasi na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yaanikwe kwanza juu ya turubai, si juu ya ardhi. Yakikauka, mifuko ile ya kinga njaa yenye plastiki mbili ndani huzuia hewa na kuua dumuzi bila dawa. Lakini mfuko huo haukaushi chochote. Ukifungia unyevu, umefungia ukungu. Na punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au zilizonyauka zichague na uzitupe. Usimpe kuku, maana sumu itarudi kupitia yai na nyama.

"Zima taa, umeme utatosha"

Zima, si vibaya. Lakini balbu ya LED ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 110 kumaliza yuniti moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja ikiwaka mfululizo. Nguo za wiki nzima zikipigwa pasi kwa mkupuo, utaona tofauti kwenye LUKU kuliko kukaa gizani.

"Maharage ni rahisi kuliko nyama"

Sokoni, ndiyo. Jikoni, kama hujayaloweka, yanaweza kukaa motoni saa tatu, na mkaa wa saa tatu ni fedha. Nilipoanza kuandika mkaa kwenye ukurasa uleule wa mboga ndipo nilipoona maharage yangu yalivyokuwa ghali.

Yaloweke usiku, mwaga maji yale, yachemshe kwa sufuria yenye kifuniko kwenye jiko banifu lenye udongo wa mfinyanzi ndani. Muda unapungua sana. Mwenye jiko la umeme la presha hupika maharage ya nyumba nzima kwa chini ya yuniti moja, na nadhani hapo ndipo penye matumaini makubwa, ingawa bei ya kulinunua bado ni mzigo. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Wakati tunasubiri, kapu lililojazwa matambara, ukiizika humo sufuria ikiwa bado ya moto, linaweza kuivisha maharage baada ya kuyaepua. Tahadhari ni moja: maharage mekundu lazima kwanza yatokote kwa nguvu si chini ya dakika kumi, kwa kuwa yana sumu yake ambayo joto la wastani haliiondoi.

"Dagaa na mboga za kienyeji ni chakula cha shida"

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta Iringa ina kiwango kikubwa cha watoto waliodumaa kuliko mkoa mwingine wowote, zaidi ya nusu ya walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Njombe na Rukwa zinaifuata kwa karibu. Ghala limejaa, lakini sahani ina rangi moja.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kubana matumizi kusianzie kwenye mboga ya mtoto. Dagaa wakavu wana protini nyingi na madini ya chokaa kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao. Mnavu na mgagani ni vyakula ambavyo kituo cha utafiti wa mbogamboga kilichopo Arusha kinahifadhi mbegu zake kwa thamani yake. Dona hubaki na kiini na ganda ambavyo kinu cha sembe kinaviondoa. Ukitaka kupunguza, punguza soda, punguza vitafunwa vya barabarani, dagaa mwache.

"Sina mtaji wa kuanza"

Nunua fungu la matembele lenye mashina. Chuma majani, pika. Mashina usiyatupe: kata vipande vya urefu wa shibiri moja, fukia vifundo viwili au vitatu kwenye udongo mbichi, kivulini kwa siku chache za mwanzo. Baada ya mwezi na kidogo utaanza kuchuma, na utaendelea kwa miezi. Tembele langu lote limetokana na fungu moja la jioni ya siku ya kazi, na jirani wa chumba cha pili ameshakata vipando humo mara mbili.