Hemenetiki ni nini? Jinsi Wakristo walivyomsoma Msamaria Mwema

Hemenetiki ni jumla ya kanuni ambazo mtu hutumia anapofasiri maandishi: ni nini kinampa ruhusa ya kusema "andiko hili lina maana hii", na ni nini kinamzuia asiseme lolote linalomjia kichwani. Kazi ya kufafanua mstari kwa mstari ina jina lake, eksejesia. Hemenetiki iko nyuma ya kazi hiyo, inauliza: ufafanuzi huo umeupata kwa njia gani, na nani kakuambia njia hiyo inafaa?

Kila msomaji wa Biblia ana kanuni zake, awe anazijua au hazijui. Mhubiri anayesema "Goliathi wako ni deni la benki" ametumia kanuni fulani. Mzee wa kanisa anayenung'unika kwamba Goliathi alikuwa Mfilisti wa Gathi na hakuwa na habari na benki, naye ametumia yake. Kanuni hizi zimebadilika mno tangu siku za mitume, na badala ya kuorodhesha shule na majina, naona ni heri tulifuate andiko moja tuone limefanywa nini. Nachukua Luka 10, mfano wa Msamaria Mwema, kwa kuwa karibu kila zama zimeuchezea.

Hadithi inajulikana. Mwanasheria anamwuliza Yesu, "Jirani yangu ni nani?", naye anajibu kwa mfano. Mtu anashuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi wanamvua nguo, wanamjeruhi, wanamwacha karibu ya kufa. Kuhani anapita, Mlawi, mhudumu wa hekalu, anapita. Msamaria anasimama, anatia mafuta na divai, anampandisha juu ya mnyama wake, anamfikisha kwenye nyumba ya wageni, anatoa dinari mbili na kuahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi.

Katika karne ya 3 Origen, mwalimu mkubwa wa Aleksandria aliyehamia Kaisaria ya Palestina, aliuhubiri mfano huo na kueleza jinsi mzee mmoja kabla yake alivyoufasiri. Mtu aliyejeruhiwa ni Adamu. Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni ulimwengu. Wanyang'anyi ni nguvu za uovu, majeraha ni uasi. Kuhani ni Torati, Mlawi ni manabii, Msamaria ni Kristo. Mnyama ni mwili ambao Bwana aliutwaa, nyumba ya wageni ni Kanisa, dinari mbili ni Baba na Mwana, na ahadi ya kurudi ni ujio wa pili. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alifuata njia hiyo hiyo zaidi ya miaka 100 baadaye, ila kwake mwenye nyumba ya wageni alikuwa mtume Paulo.

Msomaji wa leo hucheka. Dinari mbili zimekuwaje Baba na Mwana? Lakini ngoja kwanza. Paulo mwenyewe katika Wagalatia 4 anasema Hajiri na Sara ni maagano mawili, na katika 1 Wakorintho 10 anasema mwamba uliowanywesha Waisraeli jangwani ulikuwa Kristo. Aleksandria nayo ulikuwa mji ambamo wasomi wa Kigiriki walikuwa wamezoea kutafuta maana ya ndani katika tenzi za Homer, na Philo, Myahudi wa mji huo, alikwisha kuisoma Torati kwa namna hiyo. Tena palikuwa na haja kubwa. Marcion, aliyetengwa na Kanisa la Roma mnamo mwaka 144, alisisitiza kwamba Mungu wa vita na hasira wa Agano la Kale hawezi kuwa Baba wa Yesu, basi vitabu hivyo vitupwe. Maana ya ndani iliwasaidia Wakristo kubaki na Agano la Kale lote bila kulazimika kuiga vita vya Yoshua. Origen alieleza kwamba kama binadamu alivyo na mwili, nafsi na roho, ndivyo Maandiko yalivyo na ngazi zaidi ya moja za maana.

Je, mtu angeweza kusema chochote basi? La, na hapa ndipo watu wengi huwaonea mababa wa Kanisa. Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika mnamo mwaka 180 kwamba wazushi wanafanana na mtu anayechukua picha ya mfalme iliyopangwa kwa vito, akazitawanya zile punje na kuzipanga upya ziwe mbweha, kisha akasema: tazameni, huyu ndiye mfalme, si vito ni vilevile? Ili uujue uso wa mfalme unahitaji kanuni ya imani, yaani muhtasari wa imani ambao mwumini aliupokea alipobatizwa. Sasa rudia tafsiri ya Origen uone: anguko la Adamu, Torati, manabii, Kristo kutwaa mwili, Kanisa, kurudi kwa Bwana. Hakuna jambo jipya hata moja. Ni ungamo la imani limevalishwa nguo za hadithi. Mpaka wa tafsiri ulikuwepo, ila haukuwekwa na maneno ya Luka, uliwekwa na imani ya Kanisa. Agostino aliongeza kipimo kingine: anayedhani ameyaelewa Maandiko, na uelewa wake haujengi upendo kwa Mungu na kwa jirani, bado hajayaelewa.

Si wote waliokubali. Huko Antiokia walimu kama Theodore wa Mopsuestia na Yohane Krisostomo walitaka historia iheshimiwe. Theodore alilalamika kwamba watu wa mafumbo, yaani wanaotafuta maana ya ndani, wanamtumia Paulo vibaya, kwa sababu Paulo alipowafananisha Hajiri na Sara hakukana kwamba waliishi kweli. Bahati mbaya Theodore alihukumiwa na mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli mwaka 553, zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake, kutokana na mafundisho yake juu ya Kristo, na maandishi yake mengi yakapotea. Sauti ya Aleksandria ikabaki na nguvu zaidi.

Katika Zama za Kati kanuni hizo zilipangwa zikawa maana nne. Yohane Kasiano, mmonaki wa karne ya 5, alitoa mfano unaotumika hadi leo: Yerusalemu kwa historia ni mji wa Wayahudi, kwa fumbo ni Kanisa, kwa maadili ni roho ya mtu, na kwa tumaini la mwisho ni mji wa mbinguni. Usidhani haya yalikuwa ya wasomi peke yao. Katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, kuna dirisha la vioo vya rangi la mwanzoni mwa karne ya 13 ambalo sehemu yake ya chini inamwonyesha Msamaria, na sehemu ya juu inawaonyesha Adamu na Hawa wakiumbwa, wakianguka na kufukuzwa. Waliolitolea dirisha hilo ni washona viatu, na kazi yao imechorwa chini kabisa. Fundi asiyejua kusoma Kilatini aliinua macho akaona tafsiri ya Origen inang'aa kwa jua.

Hata hivyo mizani ilikuwa imeanza kuhama kabla ya Martin Luther, mmonaki wa Ujerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa. Thoma wa Akwino, aliyefariki 1274, alisema hoja za mafundisho zijengwe juu ya maana ya wazi ya maneno tu. Nicholas wa Lyra, Mfransisko wa karne ya 14, aliusoma ufafanuzi wa Rashi, mwalimu wa Kiyahudi, ili ayaelewe vizuri maneno ya Kiebrania.

Mwaka 1516 Erasmus, msomi wa Uholanzi, alichapisha Agano Jipya la Kigiriki, na mwaka uliofuata Luther alianza ugomvi wake na Roma. Wanamatengenezo walisema Andiko linajifasiri lenyewe. Kuhusu Msamaria, Luther bado alihubiri kwamba ni Kristo. Mazoea hayafi kwa siku moja. Aliyekata kamba ni Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, katika ufafanuzi wake wa Injili wa mwaka 1555. Aliona kwamba fumbo limegeuzwa silaha: wanatheolojia walidai kwamba kwa kuwa yule mtu aliachwa "karibu ya kufa" wala hakufa, basi hiari ya mwanadamu haikuharibiwa kabisa na dhambi ya Adamu. Fundisho zito kama hilo linaning'inia kwenye maneno mawili matatu ya hadithi! Calvin alijibu kwamba Maandiko yanastahili heshima zaidi ya kupindwapindwa hivyo, na kwamba Kristo alikuwa anaeleza tu nani ni jirani.

Ila maana ya wazi haikuleta amani iliyotarajiwa. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zurich, walikutana Marburg, Ujerumani, kujadili maneno ya Yesu kwenye karamu ya mwisho, "huu ni mwili wangu". Luther aliyaandika kwa chaki mezani na hakutaka kusogea. Zwingli naye alishikilia kwamba "ni" hapo maana yake "inaashiria". Wote wawili walikuwa wanafuata Andiko peke yake, na waliachana bila kupatana juu ya jambo hilo. Roma nayo, kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1546, iliamua kwamba mtu asifasiri kinyume cha maana ambayo Kanisa limeishika. Mpaka ule ule wa Ireneo, safari hii umewekewa askari.

Kuanzia karne ya 17 na 18 swali likageuka: nani aliandika, lini, kwa vyanzo gani, na je, mambo yalitukia hivyo? Historia hii husimuliwa kama jambo la maprofesa wa Ujerumani. Lakini moja ya mishtuko mikubwa ndani ya Kanisa la Anglikana ilitokea Afrika Kusini. John William Colenso, askofu wa Natal, alikuwa akitafsiri Biblia kwa Kizulu pamoja na msaidizi wake, William Ngidi. Ngidi alimuuliza kama kweli anaamini kwamba wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili, na Nuhu akawakusanyia chakula wote, hata wanyama wanaokula nyama. Colenso aliona hawezi kumjibu "ndiyo" kwa dhamiri safi. Mwaka 1862 alianza kuchapisha uchunguzi wake juu ya vitabu vitano vya Musa, na mwaka 1863 askofu wa Cape Town akatangaza kumvua uaskofu. Huko Uingereza alichekwa kwamba alikwenda kuwaongoa Wazulu, Mzulu akamwongoa yeye. Mimi naona swali la Ngidi lilikuwa swali la msomaji makini.

Kuhusu mifano ya Yesu, Mjerumani Adolf Jülicher aliamua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba mfano si fumbo la kufunguliwa kipande kwa kipande. Una hoja moja. Msamaria, kwake, ni hadithi ya kuigwa: tenda kama yeye. Utafiti wa historia pia ulirudisha ukali ambao masikio yetu yameupoteza. Wayahudi na Wasamaria walichukiana. Yohane Hirkano, mtawala wa Kiyahudi, alilibomoa hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu. Ndiyo maana mwanasheria, anapoulizwa nani alikuwa jirani, hasemi "Msamaria". Anazunguka: yule aliyemwonea huruma.

Lakini historia nayo hutunga hadithi zake. Umewahi kusikia kwamba kuhani alipita kando ili asijitie unajisi kabla ya ibada hekaluni? Luka hasemi hivyo. Anasema kuhani alikuwa akishuka kwa njia ile, yaani akitoka Yerusalemu, hekalu liko nyuma yake. Dinari za Origen angalau hazikujifanya kuwa historia.

Makanisa yaliupokea uchunguzi huu kwa namna mbalimbali. Marekani, kati ya 1910 na 1915, vilichapishwa vijitabu vya kutetea misingi ya imani dhidi yake. Kanisa Katoliki lilisitasita kwa muda mrefu, hadi Papa Pius XII alipofungua mlango mwaka 1943, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ukasisitiza kutafuta kile ambacho mwandishi mwenyewe alikusudia kusema, kwa namna za uandishi za wakati wake.

Swali la karibuni zaidi linamhusu msomaji: umesimama wapi unaposoma? John Mbiti wa Kenya, katika utafiti wake uliotoka 1971, alionyesha kwamba mahubiri ya wamisionari juu ya mwisho wa dunia yalisikika vingine kabisa kwa Wakamba, ambao dhana yao ya wakati ujao haikuwa ile ya Wazungu. Martin Luther King, mchungaji na mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, akizungumza Memphis tarehe 3 Aprili 1968 wakati wa mgomo wa wazoa taka, siku moja kabla ya kuuawa, alisema kuhani na Mlawi walijiuliza watapatwa na nini wakisimama, ila Msamaria aliuliza yule mtu atapatwa na nini asiposaidiwa.

Kwangu mimi jambo la kushangaza liko hapa. Tangu mfano ufanywe hadithi ya kuigwa tu, msikilizaji amejipandisha juu ya mnyama wa Msamaria: yeye ndiye mfadhili, wengine ndio majeruhi. Misheni nyingi zilihubiri hivyo barani Afrika, na tulijua sisi tumewekwa wapi. Wanatheolojia wa ukombozi wanaosisitiza kusoma kutoka upande wa aliyepigwa huonekana wamezua jambo jipya, kumbe Origen na Agostino walimweka kila msikilizaji pale pale, chini, amejeruhiwa, akisubiri kuokotwa. Na sarufi ya Luka iko upande wao kuliko Jülicher alivyotaka kukiri. Mwanasheria aliuliza, "Jirani yangu ni nani?" Yesu hakumrudishia swali hilo. Alimwuliza ni yupi kati ya wale watatu alikuwa jirani wa mtu aliyeangukia kati ya wanyang'anyi, na hilo hujibiwa tu na anayeitazama njia ya Yeriko akiwa amelala kando yake.