Mhanga na aliyejitoa mhanga

Katika hafla moja ya Siku ya Mashujaa niliyohudhuria, mshereheshaji aliwageukia wazee waliokaa mstari wa mbele, nishani zikiwa zimepangwa kifuani juu ya makoti yao, akatuomba tuwapigie makofi "wahanga wa Vita vya Kagera". Tulipiga makofi. Mzee mmoja aliiweka sawa bereti yake, akatazama mbele kana kwamba anayesemwa ni mtu mwingine, na nadhani alikuwa na haki.

Mhanga, kwa matumizi ya leo, ni mtu aliyefikwa na madhara asiyoyataka: mhanga wa mafuriko, mhanga wa ajali. Kujitoa mhanga ni kuuhatarisha uhai wako kwa hiari kwa ajili ya jambo au watu wengine.

Mhanga pia ni jina la mnyama mwenye pua ndefu na masikio kama ya punda, ambaye usiku huchimba ardhi kutafuta mchwa, na mashimo anayoyaacha huwa makazi ya ngiri na nungunungu. Inashawishi kusema kwamba msemo wetu ulitoka humo, kwa kuwa huyu huchimba na wengine wakakaa. Lakini maneno kufanana si lazima yawe ndugu, nami sitaijenga hoja yangu juu ya shimo la mhanga. Hoja yangu imo katika silabi moja, nayo ni -ji-. Mtu anaweza kutolewa mhanga na mwingine, au akajitoa mwenyewe, na heshima yote ya msemo huo imebebwa na kiambishi hicho. Neno mhanga nalo haliachiki, maana ukisema tu kwamba askari fulani "walijitoa", msikilizaji ataelewa kwamba waliacha vita wakarudi nyumbani.

Wahanga wa Vita vya Kagera wapo, nao wanastahili kukumbukwa kwa jina hilo. Ni wakazi wa Tanzania, kaskazini ya Mto Kagera, ambao majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliwavamia mwishoni mwa mwaka 1978, wakauawa, wakaporwa ng'ombe, na waliosalimika wakakimbilia kusini, kisha daraja la Kyaka likalipuliwa. Hakuna aliyewauliza kama wako tayari. Askari aliyeuvuka mto huo kuelekea upande wa pili, akaendelea hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, ana habari nyingine kabisa.

Mpaka kati ya mhanga na aliyejitoa mhanga hauko wazi kila mara. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawakumbuka pamoja na wapiganaji wale wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ambao kikosi chao kilituachia jina la Kariakoo. Wengi wao walichukuliwa vijijini kwa nguvu, wakabeba mizigo ya jeshi, wakafa kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Maandishi ya sanamu yanawahesabu kuwa walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Kwa Kiswahili sanifu ningesema walitolewa mhanga, na kuwaita wahanga si kuwavunjia heshima; ni kutaja aliyewatoa.

Kwa hiyo ombi langu kwa washereheshaji ni dogo. Siku ya Mashujaa ijayo, Julai 25, askari wa vita hivyo waliolala makaburini Kaboya, mkoani Kagera, waitwe mashujaa waliojitoa mhanga, na wazee wa mstari wa mbele waitwe askari waliopigana Vita vya Kagera, au wapiganaji wastaafu. Kwenye maadhimisho ya kitaifa, Rais anapokwisha kuweka mkuki na ngao kwenye mnara, huwa kuna mzee wa namna hiyo anayesogea na shoka, taratibu kwa sababu ya magoti, akaliweka mahali pake, akapiga saluti na kurudi kwenye kiti chake.